Filimbi ya shabiki, na kelele za mechi za shule zinafanya kazi gani hasa

Mwaka 2009, jioni, jua limeshashuka nyuma ya minazi, moja moja, shule mbili za hapahapa Tanga mjini ambazo sizitaji maana watu bado wana kinyongo. Mpira mrefu ukaingia ndani ya kumi na nane ya wageni, beki wao mmoja mrefu yuko peke yake, hana presha yoyote, mara prrriii, filimbi. Jamaa akainama akaudaka mpira kwa mikono miwili, akauweka chini kistaarabu apige faulo. Refa hakuwa amepuliza kitu. Filimbi ilitoka pembeni, kwenye kundi letu la wapiga madumu, na refa akasimama kama sekunde tatu anawaza, halafu akanyoosha mkono kwenye alama ya penati.

Mechi iliishia pale ingawa penati ilipigwa na tukafunga. Mawe machache, matusi mengi, mshika kibendera kakimbilia ofisi ya walimu na bendera yake mkononi, Fuso la wageni likaondoka watoto wamejikunyata kwenye bodi hawataki kunyanyua vichwa. Sisi tukarudi Ngamiani tunaimba.

Miaka mingi nikawa nabishana na watu kwamba refa alikuwa sahihi, mkono ni mkono, nani kamwambia adake? Kumbe sheria za mpira zinalitaja jambo hilihili. Shabiki akipuliza filimbi na ikaingilia mchezo, refa anasimamisha mpira, halafu anauanzisha kwa kuudondosha, hakuna penati wala faulo. Tena maelezo ya sheria ya miaka ileile yalitolea mfano wa mchezaji anayedaka mpira kwa mikono akidhani mechi imesimama, yaani kama vile aliyeandika alikuwa amekaa na sisi pale pembeni. Tangu 2019 imekuwa rahisi zaidi, tukio likiwa ndani ya kumi na nane mpira anadondoshewa kipa wa hiyo timu inayolinda, hakuna tena kugombania.

Nimeanza na hii kwasababu watu wakiongelea mashabiki wa mechi za shule wanaongea mambo mawili tu, ama "vijana wanapendezesha mchezo" ama "vijana wahuni", wakati kelele ziko za aina nyingi na kila moja ina kazi yake. Ipo inayomwingia mchezaji miguuni, ipo inayomwingia kichwani, ipo inayomfikia refa bila yeye kujua, na ipo kama ile filimbi inayoingia kwenye mchezo wenyewe. Ukizichanganya zote ukaziita "ushabiki" hutaelewa kwanini timu inashangiliwa dakika tisini halafu inafungwa nyumbani.

Tuanze na refa maana ndo anatukanwa kuliko wote. Refa ana kadi ya mchezaji, na tangu 2019 ana kadi ya benchi pia, mwalimu wa timu anaweza kula njano au nyekundu, na ikiwa mtu kapiga kelele za ovyo kutoka benchi na hajulikani nani, kadi inamwangukia kocha mkuu aliyepo pale. Shabiki hana kadi yake. Yaani yule baba aliyesimama nyuma ya chokaa anamwita refa mwizi tangu dakika ya tatu, refa hana cha kumwonyesha, alichonacho ni kusimamisha mechi, kuiahirisha kwa muda au kuivunja kabisa. Hiyo silaha ni kubwa mno kwa kosa dogo, kwa hiyo marefa wengi wanavumilia, wanavumilia, mpaka siku hawavumilii tena. Marekani, chama kinachosimamia michezo ya sekondari nchi nzima, NFHS, kilisema marefa wapatao 50,000 wa michezo mbalimbali waliacha kazi baada ya msimu wa 2018/19, na pamoja na korona, matusi ya wazazi na mashabiki yalikuwa yanatajwa kila mahali. Huku kwetu refa wa mechi ya shule mara nyingi ni mwalimu wa shule ya jirani au kijana wa mtaani mwenye kozi yake, na kesho mnakutana sokoni Mgandini.

Sasa kelele zinamfanya nini huyu refa? Kuna utafiti wa Uingereza wa 2002 mi naupenda sana. Walichukua marefa 40 wenye leseni wakawaonyesha video ya matukio 47 ya mechi moja, Liverpool wakiwa nyumbani na Leicester, marefa wengine wanasikia kelele za uwanja, wengine hawasikii kitu, kila mmoja aseme ni faulo au siyo. Wale waliosikia kelele waliwapa Liverpool makosa machache kwa asilimia 15.5. Video ileile, matukio yaleyale. Na hawakuwa wamehongwa, hawana timu, wamekaa chumbani kwenye kiti. Maelezo ni kwamba refa akiwa na shaka anatafuta ushahidi wowote wa kumsaidia, na uwanja mzima ukiguna "aaaah!" mgongoni kwake ubongo unahesabu ile guno kama ushahidi. Halafu ikaja 2020, ligi kuu ya Ujerumani, Bundesliga, ikarudi Mei 16 viwanja vitupu sababu ya korona, na waliohesabu wakakuta timu za nyumbani zimepoteza sehemu ya ile faida yao, na wageni wakawa hawali tena kadi nyingi kama zamani.

Kwa hiyo mtu akisema "tumebebwa na mashabiki" hajakosea. Ila angalia kitu kimoja, guno linamfikia refa likiwa guno la watu wote kwa pamoja, kwenye tukio lenyewe. Lile baba la matusi ya mfululizo halimfikii, refa akishalizoea anaona redio tu. Na akiwa na roho ngumu kidogo anaanza kuwanyima hata yale ya haki, sitanii, nimeshaona.

Kwa mchezaji mambo ni magumu zaidi, na hapa lazima tuongelee mende.

Mwaka 1969 mtaalamu wa saikolojia Robert Zajonc na wenzake walichukua mende, ndiyo, mende hawahawa, wakawakimbiza kwenye njia iliyonyooka, kuna taa upande mmoja na giza upande wa pili, mende anakimbilia giza. Mara ya kwanza peke yake, mara nyingine mende wenzie wamewekwa pembeni kwenye vijumba vya kioo wanatazama. Akitazamwa alikimbia haraka zaidi! Halafu wakabadilisha njia, wakaweka kona, mende lazima akate ndo afike gizani. Hapo akitazamwa alichelewa kuliko akiwa peke yake. Zajonc alikuwa ameshasema tangu 1965 kwamba kutazamwa kunapandisha mwili moto, na mwili ukiwa moto unafanya vizuri kile ulichokizoea na unaboronga kile ambacho bado unajifunza.

Sasa mlete huyo mende uwanjani. Winga wa kidato cha tatu mwenye mbio, mpira uko mbele yake, njia nyeupe, watu elfu wanapiga kelele: atakimbia mbio ambazo hajawahi kukimbia mazoezini. Kijana huyohuyo kafika kwenye kona ya kumi na nane, beki mbele, mwenzake yuko wazi katikati, lazima aamue. Hapo zile kelele zinamgeukia. Na kelele zenyewe sasa zina maneno ndani yake: "Piga! Piga! Piiiga!" Anapiga, mpira unaenda barabarani unagonga baiskeli ya muuza mkate. Wachezaji wakubwa kona wameshaizoea, wamekata mara elfu, ndo maana pale Mkwakwani, uwanja mkubwa wa Tanga, kelele zinawasaidia. Mtoto wa shule bado anajifunza, karibu kila kitu kwake ni njia yenye kona.

Ndo maana mi naamini kelele mbaya kuliko zote kwenye mechi za shule ni maelekezo, mbaya kushinda hata kuzomea. Na maelekezo hayatoki kwa wanafunzi, wanafunzi wanaimba. Yanatoka kwa sisi wakubwa, wajomba, kina baba wadogo, waliowahi kucheza ndondo Makorora wakaumia goti, wamesimama sentimita kumi kutoka kwenye mstari na funguo za pikipiki kidoleni. Mwalimu anasema rudi, mjomba anasema panda, mtoto anasimama katikati anatazama pande zote mbili na mpira unapita. Ukimuuliza baadae nani alikwambia usimame hatasema, adabu ya Kipwani haimruhusu kumtaja mjomba.

Kuna mahali walichoka na hii. Kaskazini mwa Ohio huko Marekani, 1999, ligi moja ya wasichana ilitenga Jumapili nzima wazazi wasiseme kitu, wapige makofi tu kwa kipimo, na wazo likasambaa mpaka klabu nyingine zikawa zinawagawia wazazi pipi ya kijiti wafunge nayo midomo. Waingereza nao chama chao kilianzisha kampeni mwaka 2008 na moja ya mambo yake ilikuwa kumsogeza mzazi nyuma ya mstari maalum. Hii ya pipi kwa Tanga sioni ikipita, mtu atakula pipi na atatukana vilevile. Ila ya kumsogeza nyuma tunaiweza kabisa na nitaifikia.

Ukweli ni kwamba huwezi kumwambia mtu wa pwani ashabikie kimyakimya kwasababu huku ushabiki ulikuwepo kabla ya mpira. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji ya pwani, Tanga ikiwemo, ilikuwa na ngoma ya beni, Marini upande huu na Arinoti upande ule, wamevaa kama maafisa wa jeshi, madrum na tarumbeta, wanashindana nani kapendeza zaidi, nani kaita watu wengi, nani kamwimba mwenzie mpaka kaona aibu. Ikaja taarabu, na miaka ya 1970 mji huuhuu ukawa na vikundi vya Black Star na Lucky Star, na mtu ukimuuliza wewe wa wapi alikuwa anajua unamuuliza nini. Hivyo wanafunzi wakiimba "mmekuja na Fuso, mtarudi na pancha" wanaendeleza kijembe cha zamani sana. Kijembe kina kanuni zake, kinamchoma mtu bila kumtaja, kinachekesha hata anayechomwa, na kinasubiri kijibiwe. Tusi halisubiri jibu. Ukiona upande wa pili wanacheka na wanatunga jibu, hapo hakuna vita itakayotokea, lakini ukiona wamenyamaza wote kwa pamoja, chukua viatu vyako.

Na neno linalonyamazisha kuliko yote kwenye mechi za shule zetu ni "mamluki". Yaani mnachezesha mtu si mwanafunzi, mtu ana ndevu, ana mtoto anasoma chekechea. Likianza kuimbwa hilo mwalimu wa michezo wa upande wa pili anageuka rangi, kwasababu wakati mwingine ni kweli. Halafu kuna "kamati ya ufundi", yaani ushirikina, vitu vinamwagwa golini usiku, timu inaingilia ukutani badala ya getini, na mashabiki wanalinda goli tangu asubuhi kama wanalinda benki. Hilo siliingii leo.

Mechi za wasichana inabidi niziseme peke yake. Nimekaa kwenye mechi ya wasichana hapa Tanga nikasikia wanaume wazima wanashangilia miili, siyo mpira, na wakati huohuo wengine wanawakosoa mavazi, kwamba binti wa Kiislamu anachezaje. Binti kavaa hijabu, suruali ndefu ndani ya bukta, mikono mirefu. Sheria za mpira ziliruhusu rasmi kufunika kichwa tangu 2014, kwa hiyo hilo la mavazi lilishaisha. Kinachobaki ni kwamba anayetazamwa vile anakuwa yule mende wa kwenye kona muda wote wa mechi, hata kwenye kukimbia tu. Mwalimu mmoja wa kike aliniambia yeye huwa anawapanga wanafunzi wa kike wenyewe safu ya mbele kuzunguka uwanja mzima, wanaume nyuma, na sauti inayowafikia wachezaji ni ya wenzao. Kitu kidogo hivyo na mechi inabadilika kabisa.

Hapo ndo tunafika kwenye kusogea uwanjani, ambako watu wanaita fujo na mi nasema asilimia kubwa ni suala la macho. Viwanja vyetu vya shule havina jukwaa. Safu ya kwanza imesimama, ya pili haioni, inasukuma, ya tatu inasukuma ya pili, mwalimu wa zamu anapita na fimbo anarudisha watu nyuma ya chokaa, akifika mwisho wa mstari kule alikoanzia wameshasogea tena. Hakuna mhuni hapo, kuna mtu mfupi anataka kuona. Winga hana pa kupita, mpiga kona hana pa kurudi nyuma achukue hatua, na mshika kibendera anakimbia kwenye vidole vya watu. Dawa yake haina hata bajeti, safu mbili za mbele zikae chini, basi. Na kamba. Jamani huu ndo mkoa wa katani! Kamba ya katani kuzunguka uwanja, mita mbili tatu nyuma ya mstari, inafungwa kwenye miti na nguzo, na wale wajomba wenye funguo wanakaa nyuma yake.

Ile nafasi ya mita mbili ina faida nyingine watu hawaijui. Mpira unaelekea golini, kipa kapitwa, mtoto wa pembeni kaingia akautoa mstarini kwa mguu. Hakuna goli! Kwa mujibu wa sheria refa anasimamisha anadondosha mpira, hata kama uwanja mzima umeona ulikuwa unaingia. Lakini huyo mtoto akiugusa tu na ukaingia vilevile, na hakumzuia beki wala kipa kuucheza, goli linahesabiwa. Mmoja kagusa mmoja katoa, matokeo mbalimbali, na nawahakikishia ugomvi wa tukio la namna hiyo unaweza kuishi mpaka wajukuu.

Kuhusu vuvuzela nitasema kidogo. Tangu Kombe la Dunia la Afrika Kusini 2010 kila mtu anazo, na ukiwa karibu na mdomo wa ile kitu sauti inapita desibeli 120, wakati sauti ya desibeli 100 sikio linatakiwa liivumilie kama dakika 15 tu kwa siku. Kibaya zaidi haina wimbo, ni mlio mmoja tu, inameza madumu, inameza sauti ya kocha, na guno lile la pamoja ambalo lingemfikia refa halisikiki tena. Dumu la lita ishirini linaishinda mara kumi.

Maana kwenye madumu kuna mwimbishaji, na huyu ndo mtu muhimu kuliko wote pembeni mwa uwanja. Anatoa mstari, kundi linaitikia, anapandisha, anashusha. Mwimbishaji mzuri anaangalia mpira, mbaya anaangalia wasichana wa upande wa pili. Mzuri penati ya timu yake anakata ngoma, pwaa, kimya, anamwachia mpigaji hewa yake, na penati ya wapinzani ndo anafungulia kila kitu. Mchezaji wa wageni akianguka akaumia anakata pia, na nimeona wageni wakipiga makofi kwa hilo. Watoto wa sasa wanajifunza mengi kutoka Mkwakwani, wameona Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, wanavyoshangiliwa, wengine walikuwepo Agosti 2023 Simba na Yanga walipokuja kucheza Ngao ya Jamii palepale wakaamuliwa kwa penati, na walichokibeba wengi ni tambo na moshi. Kukata ngoma kwa wakati hawakukiona, kwasababu kimya hakionekani kwenye simu.

Mwimbishaji wetu wa 2009 alikuwa mzuri sana, jioni ile alikuwa ameshakata ngoma, mpira uko kwao hauna hatari, anapumzisha mikono. Ndo maana filimbi ilisikika vile, peke yake, safi kabisa. Nilikuwa nimeiazima kwa skauti wa darasani kwetu, na niliipuliza bila sababu yoyote, nilikuwa nayo mdomoni tu.

Yule beki nilikutana naye stendi ya Kange, sasa hivi ana kitambi na mzigo wa machungwa ya Muheza anaupeleka Dar. Nikamweleza hii habari ya sheria, kwamba haikuwa penati, refa alitakiwa audondoshe mpira tu. Akanyamaza kidogo, akasema mgosi, mi nililia mpaka Pongwe siku ile. Halafu akauliza, hivi yule aliyepuliza alikuja akajulikana?

Nikamwambia sijui, na gari lake likaanza kuita abiria.